Mwaka Ziwa Lilipotuachia Mwamba

Juzi nimevuka ghuba kwa basi, juu ya lile daraja jipya, na kabla sijamaliza kumenya chungwa langu tukawa tumefika ng'ambo. Wewe unakumbuka ghuba hii ilivyokuwa. Ulifika kivukoni asubuhi, ukala mahindi ya kuchoma, ukagombana na mtu aliyeruka foleni, ukapatana naye, mkaanza kuulizana koo zenu, na kivuko bado kilikuwa kama kidoa upande wa pili. Sasa ni kufumba na kufumbua. Abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha na kulisifu daraja, na linastahili, sisemi. Lakini mimi niligeukia dirisha la kulia nikawa natafuta mwamba, ingawa najua vizuri kwamba uko chini ya maji na hautaonekana hata nikodoe macho namna gani.

Mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia hapana. Ningeanzia wapi kumweleza? Basi nakueleza wewe, maana wewe hutanicheka.

Nililelewa na bibi mzaa mama, huko Buhongwa, wakati ule Buhongwa bado ina mashamba ya mihogo katikati ya nyumba. Mama alikuwa mpishi kwenye hoteli moja mjini, na alirudi Jumamosi jioni na mkate. Usiku nililala nikisikia malori ya Shinyanga yakibadilisha gia, na asubuhi niliamshwa na bibi akigombana na kuku. Bibi alikuwa mtu wa kugombana. Aligombana na kuku, aligombana na moshi, aligombana na redio ikisoma taarifa asizozipenda. Kiswahili chake cha Kisukuma hakikuwa na r hata moja: ilikuwa balabala, habali, kalibu. Kanisani aliimba kwaya ya akina mama, sauti ya chini, na hakukubali mtu amwambie amekosea wimbo hata pale alipokuwa amekosea mbele ya watu wote.

Na matobolwa yake sijapata kuyaona tena. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu, ukivitafuna na karanga taya zinachoka kabla ya tumbo. Samaki alitupikia vizuri kuliko jirani yeyote, sato wa kukaanga, dagaa wa kuunga nyanya nyingi, lakini yeye mwenyewe hakula. Alikaa pembeni na bakuli lake la mlenda. Tuliambiwa tumbo lake halipatani na samaki, tukaamini, kwa sababu mtoto akiambiwa habari za tumbo la mtu mzima hana la kuuliza zaidi.

Shuleni, darasa la tano lilikuwa la mwalimu mmoja mwembamba aliyezaliwa Ukerewe. Alitufundisha jiografia na sayansi, na historia pia kwa sababu aliyepangiwa historia alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Huyu mwalimu alikuwa na imani moja: kwamba ziwa halifundishiki kwa chaki. Alikuwa amezungumza na mzazi mmoja mwenye boti ya mbao iliyopakia mkaa na ndizi kutoka visiwani, na siku boti ilipokuwa haina kazi sisi tulishuka kwa miguu mpaka mwaloni, pale boti zinapopakia na kushusha, tukavishwa maboya makubwa yaliyotufika magotini, tukaingia. Tulikaa juu ya magunia matupu. Nguo za shule zilirudi nyeusi kwa vumbi la mkaa, na mama zetu walimlaani mwalimu kila muhula.

Sasa sikiliza utaratibu wake. "Hii ni boti ya mizigo," alisema. "Asiye na mzigo hapandi." Mzigo wenyewe ulikuwa jambo moja kutoka nyumbani ambalo halimo kitabuni. Ulimwuliza babu, ulimwuliza shangazi, ulimwuliza jirani, ukaja nalo kichwani, na mlipofika mahali panapolihusu ulisimama ukalishusha. Mtoto wa Kijaluo alishusha habari za kamongo, samaki anayejizika kwenye tope ziwa likikauka na kusubiri humo kama mtu aliyekopa na hataki kuonekana. Mtoto wa fundi cherehani, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya wapagazi kutoka Tabora, alisimulia jinsi babu wa babu yake alivyoyaonja maji ya ziwa akashangaa hayana chumvi. Mwalimu naye alishusha ya kwake. Alituonyesha ndege wa mnandi wakianika mabawa juu ya mawe. Alituambia kwamba sangara, anayetupa sifa duniani, ni mgeni aliyeletwa, na kwamba alipokuja aliwameza furu, vile visamaki vya rangi, wa aina nyingi ambao hata majina yao yameliwa pamoja nao. Alitufundisha kwamba matete ndiyo wodi ya wazazi ya samaki, na anayeyakata yote asilalamike nyavu zikirudi tupu.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Nilimwuliza bibi habari za ziwa, naye akaniambia ziwa lina mbu. Nilisimama nikasema ziwa lina mbu. Darasa lilicheka mpaka boti ikayumba.

Kisha ukaja ule mwaka ziwa liliporudi nyuma. Unaukumbuka? Mvua zilikuwa zimekosekana, na watu wazima walibishana kama ni mvua peke yake au ni maji yanayofunguliwa kule kwenye mabwawa ya umeme, ziwa linakotokea na kuwa mto. Wakati wanabishana, ziwa liliendelea kuondoka. Magati yalisimama na miguu yao mikavu nje. Boti zililala ubavu kwenye tope. Kwenye yale mawe makubwa ya Mwanza ulionekana mstari mweupe, juu kabisa ya kichwa cha mtu mzima, kuonyesha maji yalikuwa yamefika wapi. Mjini mabomba yalikohoa. Watu walisema Nyanza inaisha, na wapo waliosema ni dhambi zetu, wakazitaja kwa mpangilio, wakianza na za majirani.

Katika safari moja ya mwaka huo boti yetu ilifuata ukingo wa ghuba kwenda kusini, mwalimu akitafuta pa kutuonyesha tope lililokuwa chini ya maji. Ndipo tukauona mwamba. Ulikuwa mpana na wa bapa kama sakafu, umetoka tu majini, bado una utelezi wa kijani pembeni, na juu yake kulikuwa na mashimo. Si mashimo ya hivi hivi. Yalikuwa marefu kidogo, laini ndani, yamepangana kama wanawake waliokaa pamoja. Tulikisia kila kitu. Mmoja alisema ni nyayo za tembo, mwingine akasema Wajerumani walikuwa wanatafuta mali. Mwalimu aliingiza kiganja katika shimo moja, akakizungusha, akatuambia kwamba hapa wanawake walisaga mtama na ulezi. Palikuwa na miji ya watu hapa, akasema, kabla ziwa halijapanda, wakati bibi zetu ni wasichana.

Tukiwa njiani kurudi alitupa kazi. Kabla ya kufunga shule kutakuwa na safari moja ya mwisho kuja hapa. Safari hiyo mtoto asilete mzigo wake. Darasa zima lilete mzigo mmoja tu: mtu aliyewahi kusaga kwenye ule mwamba.

Nilimpa bibi habari hizo jioni, yeye akichambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nasema tu, kama mtoto anavyosema. Mikono yake ikasimama. Aliniuliza kama karibu na huo mwamba kuna jiwe jingine, kubwa, lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Nikasema lipo. Akaendelea kuchambua maharage mpaka yakaisha, akayarudisha kwenye gunia bila kuyapika, tukala uji. Hakugombana na mtu usiku ule. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi nililala nikiusubiri.

Ulikuja kesho yake, tukiwa shambani. Alikaa kwenye tuta akaniita nikae.

"Pale ni kwetu," alisema. "Pale niliolewa."

Akanieleza. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mgeni asiyejua kuaga. Masika yale, maji yaliingia kwenye shamba la mpunga, watu wakafurahi. Yakaingia zizini, watu wakahamisha ng'ombe. Halafu asubuhi moja waliyakuta jikoni yamezima moto. Walihama kwa haraka na mifugo na watoto wa watu, wakielekea Usagara kwa ndugu. Na majuma machache tu kabla ya kuhama, mtoto wake wa kwanza, wa kike, alikuwa amekufa kwa homa. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa.

"Nikamwacha kwenye maji," bibi alisema. "Kila mtu alibeba watoto wake. Mimi wa kwangu nikamwacha kwenye maji. Jina lake ndilo hilo lako."

Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga kiasi hicho. Nikaelewa na habari ya samaki papo hapo, bila kuambiwa. Nilitaka kumshika nikaogopa, basi nikashika jembe lake. Akasema kwamba hataki jambo kubwa. Anataka apaone tu mahali alipomlaza. Apakanyage mara moja, kisha hata akifa afe.

Mwalimu alipopata habari alikuja nyumbani siku hiyo hiyo, akasimama uani na kofia mkononi. Alimwamkia bibi, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Hakumweleza bibi chochote kuhusu kina cha ziwa. Alimwuliza tu angependa kukaa upande gani wa boti. Bibi akamjibu kwamba angependa upande wenye nchi kavu.

Basi ikaanza shida nyingine, na hii bado inanichekesha. Mwaka wote ule watu walikuwa wanaomba mvua. Kanisani waliomba, msikitini waliomba, na wale wa mizimu nao walikuwa kazini kwao. Mahindi yetu yenyewe yalikuwa yamekunja majani kama mtu anayesikia baridi. Lakini mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yakirudi juu kidogo tu, mwamba na tope la nyuma yake vingepotea tena. Jumapili, kanisa zima likiwa limeinua mikono kuomba mvua, nilimtazama bibi. Alikuwa amefumba macho, na midomo inacheza. Tulipotoka nikamwuliza naye ameomba mvua kiasi gani.

"Nimemwomba asubili mpaka Jumatano," akasema. "Baada ya hapo alete hata mafuliko."

Nikamkumbusha kuwa shamba linakauka. Akaniambia nifunge mdomo, Mungu ana masikio mawili, ataweka kila ombi kwenye sikio lake. Lakini nilimwona jioni ile anazunguka shambani akiyagusa mahindi, kama anayaomba radhi.

Jumatano kulipambazuka na wingu. Lilikuwa limekaa ng'ambo, upande wa Sengerema, zito na la bluu. Mwaloni tulimkuta mwenye boti anaangalia juu, na mwalimu anamwangalia mwenye boti. Safari ingeweza kuahirishwa, na kuahirishwa ilikuwa sawa na kufutwa, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kupata uhamisho wa kwenda Nansio mwisho wa muhula. Mwenye boti alinusa upepo, akasema wingu lile ni la alasiri. Twende sasa, turudi mapema.

Bibi alikuja amevaa sare ya kwaya, kitenge cha bluu na kola nyeupe, na kifurushi mkononi. Darasa zima lilimwamkia kwa mpigo. Aliitikia, akawapitia wavulana mmoja mmoja akiwasalimu kama bibi anavyowasalimu wajukuu wa kiume. "Hujambo mume wangu. Na wewe mume wangu, mbona umekonda, nani anakupikia?" Wavulana waliona haya wakajificha ndani ya maboya. Nikafurahi, nikadhani ameshazoea. Alipofika kwenye ubao wa kupandia, akasimama. Akautazama ubao, akayatazama maji yaliyokuwa yanalamba chini yake, kisha akageuka akaenda kukaa chini kwenye mchanga.

 Mwalimu alimsogelea, akamwambia kwa upole kwamba si lazima. Kama moyo umekataa, anaweza kubaki, sisi tutaenda tukamletee tope la pale kwenye chombo.

"Mwalimu," bibi akasema, "ngojeni kwanza nimalize kuogopa."

Tukangoja. Mwenye boti alizima injini. Wingu lilisogea kidogo. Wachuuzi wa dagaa waliacha kugeuza dagaa zao wakatutazama. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa na nimeanza kumwonea hasira, ndipo akajikung'uta mchanga, akasema "Haya," akapanda ubao bila kushikwa mkono.

Njia nzima alikaa chini kabisa kati ya magunia, amejifunika khanga kichwani asione maji. Tulipeana matobolwa yake, mfuko ukapita mkono kwa mkono. Mwalimu, ambaye siku nyingine asingenyamaza hata kwa dawa, hakufundisha chochote. Tulisikia injini tu, na taya zetu.

Karibu na mwamba boti ilikwama. Maji yalikuwa yamerudi nyuma zaidi tangu tulipokuja, na mbele yetu kulikuwa na tope la magotini. Mwalimu akavua viatu akamwinamia bibi ambebe mgongoni. Bibi akautazama mgongo ule kwa dharau. Akasema yeye habebwi na mwanaume asiyejua ukoo wake, na isitoshe waume zake wako hapa, wanakula matobolwa yake bure. Wavulana wanne wakubwa wakaruka topeni, wakafuma mikono ikawa kiti, wakambeba. Walikuwa wanateleza na kucheka, naye akiwagombeza wote wanne kwa majina aliyowatungia. Ndiyo mara ya mwisho kucheka asubuhi ile.

Kwa sababu alipowekwa chini na kutazama, hapakuwa na kitu. Nyuma ya mwamba palikuwa na uwanda wa tope lililopasuka vipande vipande, makombe ya konokono yanayolia ukikanyaga, na gugumaji lililokauka. Hapakuwa na nyumba, wala jiko, wala shina moja la minyaa. Lile jiwe la ng'ombe aliyelala lilikuwepo, basi. Bibi alianzia hapo akahesabu kwa mkono hewani, zizi hapa, ghala hapa, akatembea, akasimama. "Ni hapa." Akageuka. "Hapana." Akarudi kwenye jiwe akaanza upya. Alifanya hivyo tena na tena, na kila mara aliishia mahali tofauti. Mwalimu akatuambia tuvue viatu, na kwamba mtu asikanyage mpaka aambiwe. Kwa hiyo tulisimama ukingoni, peku, tukimtazama mtu mzima akipotea kwenye uwanja wa nyumba yake.  Nilikuwa nimemleta mimi.

Mwishowe akasema, "Ziwa limemchukua." Hakulia. Alikuja akaketi juu ya mwamba, akaligeuzia mgongo lile tope. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, na mwenye boti akapiga mluzi.

Akiwa amekaa vile, mkono wake wa kushoto ukawa unapapasa pembeni, kama anavyopapasa mtu aliyechoka. Ulipapasa shimo moja, ukapita. Ukapapasa jingine, ukasimama. Bibi alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kulima, kukoroga, hata kuchapa. Shimo lile lilikuwa limeinama upande, limekwanguka zaidi kushoto kuliko kulia. Akaligeukia. Akapiga magoti, akaanza kufuta tope la pembeni yake kwa khanga, haraka haraka, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

Pembeni ya shimo lake kulikuwa na kishimo kingine. Ukikipita haraka usingekiona. Kilikuwa kidogo, kina chake kama sahani ya chai, kimegongwa-gongwa tu na hakijalainika.

"Mwalimu," akaita. "Lete watoto."

Tukaja, tukamzunguka. Akatueleza, huku kidole kikiwa ndani ya kile kishimo. Kwao, mwanamke akijifungua mtoto wa kike, siku anayotoka ndani kurudi kusaga anamwanzishia shimo lake pembeni ya la kwake. Anagonga kidogo leo, kidogo kesho, wakati mtoto yuko mgongoni. Mtoto akifikia kushika jiwe analikuta shimo lake linamngoja, na kazi ya kulichimba inakuwa yake. La kwake yeye lilianzishwa na mama mkwe, kwa sababu aliolewa kutoka mbali. Na hili alilianzisha mwenyewe, akaliacha.

"Nilidhani nimempoteza kabisa," akasema. Akatutazama, watoto wa watu, mmoja mmoja. "Huyu hapa ndiye mwanangu. Mlitaka kujua nani alikaa hapa. Huyu."

Mwalimu alikuwa amegeukia ziwani na kofia yake usoni.

Bibi akafungua pindo la khanga. Kulikuwa na mtama, konzi moja, ambao naamini aliuleta kwa ajili ya kaburi. Akatazama kushoto na kulia kana kwamba mchungaji wa kanisa angeweza kutokea kwenye matete, akamimina nusu kwenye kishimo. Akaokota jiwe la mviringo, akanipa mimi.

"Endelea," akasema.

Nikasaga. Sikujua kusaga, mtama uliruka huku na huku. Akanishika kiwiko akanionyesha mwendo, mbele kwa nguvu, nyuma kwa kuachia. Alipoona nimechoka akampa jiwe msichana mwingine, na mwingine, na wavulana waliposema hiyo si kazi yao akawaambia mume asiyejua kusaga atakufa njaa mke akisafiri. Darasa zima lilisaga. Ulitoka unga kidogo wa kijivu, wenye mchanga, ambao hata kuku angeuliza maswali. Bibi aliukusanya kwenye kiganja, akaupuliza kuelekea lile tope ambako hakujua hasa ni wapi.

Mungu si Athumani: mvua ilitukuta tumeshafika karibu na mwalo. Tone moja moja kwanza, kubwa kubwa. Bibi alikuwa ameondoa khanga kichwani tangu tulipoondoka kwenye mwamba, na njia nzima alikuwa anayatazama maji. Mvua ile iliendelea kwa majuma, na mahindi yetu, asante kwa sikio la pili la Mungu, yalifufuka nusu. Ziwa nalo likaanza kurudi. Nilipokuwa darasa la saba watu walisema kutoka botini unaonekana mgongo tu wa mwamba, kisha hata huo ukaondoka.

Sitakudanganya kwamba bibi alianza kula samaki. Hakula mpaka anakufa. Ila aliacha kugombana na redio, na mara nyingine jioni aliniambia twende mwaloni tukapunge upepo, jambo ambalo hakuwahi kulitaka kabla. Mwalimu alihamia Nansio. Boti za mizigo zikakatazwa kubeba wanafunzi, na mimi mzazi wa leo naona ni sawa, ukikumbuka yale maboya yetu. Siku hizi shule hupeleka watoto kwenye mabwawa ya kuogelea yenye bembea, wanarudi na picha na mafua. Ziwa limepanda tena, limeingia kwenye bustani za hoteli, na pale tuliposaga sasa wanapita kambare. Hakuna anayemwambia mtoto alete mzigo. Na kama angeambiwa, angemwuliza nani? Ndicho kinachoniuma kuliko mwamba wenyewe.

Mimi nina binti, hajaanza shule. Unga tunanunua wa pakiti. Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Geita kuna mwamba mdogo, na jioni nikitoka kazini mimi na yeye hukaa pale, namshikisha jiwe dogo, nami nina la kwangu, tunagonga kidogo. Na unajua Geita palivyo, ukigonga mwamba siku ya pili majirani wameshaanza kukuchungulia juu ya ukuta. Wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja mwenyewe, amevaa viatu vizuri.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "kama umeona dalili za dhahabu tuambiane mapema. Kiwanja ni changu."

Nikamwambia hakuna dhahabu, ni shimo la kusagia la huyu mtoto. Akachuchumaa, akaingiza kidole, akaona hata ukucha haujazama. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa hili utalimaliza lini?"

Nikamwambia si mimi wa kulimaliza.